"Niongeze, fundi": usiku wa ska na panki katika ukumbi wa mabati, Ng'ambo, Zanzibar

Mambo yaliharibika katika wimbo wa tatu. Mpiga ridhimu alikuwa akikata gitaa lake juu ya "na", ile ya katikati ya hesabu "moja na mbili na", kama ska, muziki wa Jamaika, inavyotaka, lakini waliokuwa katikati ya ukumbi walilisikia likielea, mara liko kwenye "na", mara linaiegemea "mbili". Waliokuwa wakirukaruka wakapoteza mguu, kisha wakasimama. Jukwaani kila mmoja akamgeukia fundi mitambo kwa neno moja: niongeze. Mwimbaji niongeze, kinanda niongeze, tarumbeta nalo niongeze. Fundi akaongeza. Kabla wimbo haujaisha maiki ya mbele ikaanza kulia, sauti ya spika ikiirudia yenyewe, fundi akashusha vyote kwa mkupuo, na ubeti mzima ukapita mwimbaji akifungua kinywa bila kusikika.

Kisa hiki ni cha mfano, kimeshonwa kutokana na makosa yanayojirudia katika kumbi za aina hii. Tunakichambua kwa urefu kwa sababu lawama zake huwaangukia wasiostahili. Watu huondoka wakisema bendi haikufanya mazoezi, au vyombo vilikuwa vidogo. Hapa bendi ilifanya mazoezi ya kutosha, na vyombo vilikuwa vikubwa kuliko haja ya ukumbi. Kilichoua ule usiku ni wingi wa sauti.

Ukumbi wenyewe ni wa kuta za saruji, sakafu ya saruji, paa la mabati bila dari. Urefu mita 14, upana mita 9, kimo cha wastani mita 4.5. Madirisha 8, kila moja kama mita ya mraba 1.2, yote wazi kwa ajili ya joto. Waliolipa kiingilio ni watu 120. Bendi ina wanamuziki wanane: drams, besi, gitaa la ridhimu, kinanda, mwimbaji, na wapulizaji watatu wa tarumbeta, tromboni na mdomo wa bata, yaani saksafoni. Vyombo vya kukodi: spika mbili kubwa za mbele, monita nne za sakafuni (spika za wanamuziki kujisikia wenyewe), mikisa ya dijitali na maiki 12. Kibali cha BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, kilikuwepo, sheha alikuwa na barua, na muda uliokubaliwa ulikuwa saa 2:30 hadi saa 5 usiku, baada ya Isha. Upande huo hakukuwa na tatizo.

Ska ilizaliwa Kingston, Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1950, na The Skatalites walioundwa mwaka 1964 ndio walioipa sura ya bendi ya wapulizaji tunayoijua. Ikainuka tena Uingereza mwaka 1979 kupitia lebo ya 2 Tone ya mji wa Coventry, safari hii ikiwa imeonja panki, ile roki ya kasi na kelele iliyolipuka huko miaka ya 1976 na 1977. Ndoa hiyo ina ugumu wake. Panki hujaza kila nafasi: gitaa linapigwa kwenda chini tu, bila kupumzika. Ska huishi kwa nafasi tupu: gitaa linasema "na" fupi, mkono wa kushoto unalegea mara moja, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kinachomrusha mtu. Ukumbi usiokihifadhi kimya huweza kubeba panki kwa shida, lakini ska haiwezi kusimama ndani yake hata kidogo.

Sasa hesabu ya ukumbi, maana hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaliwa. Muda ambao sauti hubaki ikizunguka ndani hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa ukumbi kwa 0.161, kisha kugawa kwa mita za mraba zinazofyonza sauti. Ujazo hapa ni mita za ujazo 567. Ukumbi ukiwa mtupu, saruji na mabati hufyonza kidogo tu. Madirisha wazi hutoa sauti nje, na jumla ya ufyonzaji wote, madirisha pamoja na kuta, sakafu na paa, haizidi mita za mraba 25 hivi. Jibu: sauti inazunguka kwa sekunde 3.7 hivi. Waingie watu 120, kila mmoja akifyonza kama mita ya mraba 0.45, jumla inafika 79 na muda unashuka hadi sekunde 1.2. Ni kumbi mbili tofauti chini ya paa moja.

Vyombo vilipimwa kuanzia saa 9 alasiri, vikanyamaza kwa azana na sala ya Alasiri, vikaendelea mpaka karibu na Magharibi. Muda wote huo ukumbi ulikuwa mtupu. Fundi alisikia gitaa likikwaruza na maiki zikipiga ukali, akakata sauti nyembamba kwenye kila njia ya mikisa. Kwa ukumbi mtupu alikuwa sahihi. Lakini mwili wa mtu hufyonza sana sauti nyembamba na kidogo tu sauti nzito. Watu walipojaa, wembamba uliobaki ukamezwa na nguo na miili, na besi ikaendelea kuzunguka karibu kama jioni. Gitaa la ska linatambulika kwa ule mkwaruzo wa mwanzo wa pigo, wenye masafa ya herzi elfu moja hadi elfu nne hivi. Ukishaukata huo, sikio halijui tena pigo limeanzia wapi.

Dawa yake haihitaji kifaa. Wakati wa kupima, fundi arekebishe mizani ya vyombo na kutafuta maiki zinazolia, lakini asiguse sana ukali. Aandike alichopunguza. Baada ya nyimbo mbili za kwanza, ukumbi ukishajaa, atembee mpaka katikati ya watu, asikilize, kisha arudishe alichokata. Fundi anayekaa nyuma ya mikisa pembeni ya jukwaa usiku kucha anapima ukumbi usiokuwepo.

Kuna na ukuta wa nyuma. Joto la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Spika ziko mita mbili mbele ya ukuta wa jukwaa, kwa hiyo sauti inakwenda mita 12, inagonga ukuta wa nyuma, inarudi mita 12 nyingine: milisekunde 70 hivi. Wimbo uliovunjika ulikwenda mapigo 160 kwa dakika. Kutoka "moja" hadi "na" ni milisekunde 187 tu. Mwanamuziki anayejisikia kupitia ukuta anasikia pigo lililochelewa zaidi ya theluthi ya njia hiyo. Akijaribu kulifuata, anajivuta. Mpiga drams naye anamsubiri, besi inamsubiri drams, na wote watatu wanazama pamoja huku kila mmoja akiapa kuwa mwenzake ndiye aliyechelewa. Ndiyo maana mazoezi ya chumbani hayakuionyesha kasoro hii: chumba cha mita nne kinarudisha sauti mapema mno hata sikio lisitofautishe.

Tuje kwa wapulizaji, na hapa tunasema kwa heshima, kwani hao ndio roho ya bendi. Mzee wa tarumbeta na mwenzake wa tromboni wametokea kwenye beni. Beni hupigwa barabarani, watu wanatembea, harusi imetangulia, hakuna maiki, na pumzi ndiyo amplifaya. Anayetoka huko ana mdomo wenye nguvu ambao shule nyingi haziwezi kuutoa. Mlete ndani ya ukumbi wa upana wa mita 9, mwekee maiki sentimita 10 mbele ya kengele ya tarumbeta, ule mdomo wake mpana, umeongeza sauti ya kitu kilichokwisha kuujaza ukumbi. Kisha weka na monita mbele yake: hajisikii kwa sababu drams zinamfunika, anasema niongeze, na ile monita inaingia kwenye maiki ya mwimbaji aliyesimama mita moja na nusu pembeni. Mlio ulianzia hapo. Mwimbaji ndiye aliyelaumiwa.

Mwimbaji pia alikuwa na lake. Waimbaji wa panki hupenda kukamata kichwa cha maiki kwa kiganja kizima. Maiki ya kuimbia kama Shure SM58 imetengenezwa isikie mbele na iwe kiziwi nyuma; uziwi huo unatokana na matundu yaliyo chini ya wavu. Ukiyaziba kwa kiganja, maiki inasikia pande zote, na monita iliyowekwa nyuma yake kwa makusudi sasa iko mbele ya sikio lake. Ishike kwenye mpini, iweke mdomoni kabisa. Ukiisogeza kutoka sentimita 10 hadi 5, umepata desibeli 6 bila fundi kugusa kitu.

Na wingi wa maiki wenyewe ni gharama. Kila mara unapozidisha maiki zilizo wazi mara mbili, unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mlio. Kumi na mbili zilikuwa hivi: nne kwenye drams, moja kwenye amplifaya ya gitaa, tatu za wapulizaji, nne za sauti. Katika ukumbi huu drams hazihitaji maiki nne. Kwa kweli zinahitaji mtu wa kuzizuia.

Mapumziko yalikuwa dakika 25, na kipindi cha pili kiliokolewa ndani ya dakika hizo. Kilichofanyika kwanza ni kuzima maiki sita: tatu za drams ukiacha ya dramu kubwa la mguu, ya gitaa, ya tarumbeta na ya tromboni. Mdomo wa bata uliachiwa maiki yake, kwa kuwa sauti yake ni laini zaidi na hutawanyika kupitia matundu yaliyo wazi kuliko kurushwa mbele na kengele peke yake. Wapulizaji wakapangwa upya: tarumbeta na tromboni ncha za nje, wakielekeza vyombo juu kidogo ya vichwa vya watu, mdomo wa bata katikati na hatua moja mbele. Kwa hiyo walijisikia wao kwa wao kwa masikio, kama wanavyojisikia barabarani, na haja ya monita yao ikaisha.

Pili, amplifaya ya gitaa ilikuwa sakafuni, ikipuliza kwenye ndama za miguu ya mpigaji. Yeye hakuisikia, akawa anaipandisha. Waliokuwa safu ya mbele waliisikia mno. Ikapandishwa juu ya benchi, ikaegeshwa nyuma ili ielekee sikioni mwake. Mwenyewe akaishusha bila kuombwa. Hii ni hatua ya dakika moja na inapuuzwa mno.

Monita zikapunguzwa kutoka nne hadi mbili, moja ya mwimbaji na moja ya mpiga drams, ya pili ikiwa na gitaa na sauti ya mwimbaji tu. Spika za mbele zikainuliwa hadi kimo cha mita 2 na kugeuzwa ndani kidogo, zilenge katikati ya watu na siyo kuta za ubavuni. Kwenye mikisa, kila maiki ya sauti ikakatwa chini ya herzi 100, na ukali uliokatwa jioni ukarudishwa.

Hatua iliyowashangaza watu ni magodoro. Magodoro sita ya sponji, futi 4 kwa 6, unene wa inchi 6, yaliazimwa nyumba za jirani na kusimamishwa ukuta wa nyuma juu ya meza, ili yawe juu ya mabega ya watu. Chini watu wenyewe wanatosha. Hiyo ni karibu mita za mraba 13 za ufyonzaji mahali pale pale sauti ilipokuwa ikigonga na kurudi. Kuna wanaotundika khanga wakidhani zitafanya kazi hiyo. Khanga moja iliyonyooshwa ukutani haifanyi kitu zaidi ya kupendeza. Unene ndio unaofyonza, na hata godoro halimalizi besi. Besi huipunguzi kwa kitu laini bali kwa mkono wa fundi.

Kipimo cha simu mbele ya jukwaa kilisoma desibeli 106 kipindi cha kwanza na 99 kipindi cha pili, na cha pili ndicho watu walichokisikia vizuri zaidi. Simu si kifaa sahihi sana, ila tofauti kati ya masomo mawili ya simu ile ile inaaminika. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda kwa nusu: 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Hata 99, basi, si sauti ya kusimama nayo usiku kucha. Vizibo vya sponji viuzwe au vigawiwe mlangoni. Pamba ya dukani haizibi vya kutosha. Mpiga drams na tarumbeta wavae kila onyesho, bila mjadala.

Umeme ulikuwa na kisa chake. Saa 3 na robo ulikatika, jenereta ya kVA 2.5 ikawashwa. Kwa matumizi ya kawaida jenereta hiyo hutoa wati 2,000. Jumla ya vyombo, taa sita na feni nne ilikuwa karibu wati 1,700, kwa hiyo hesabu ilionekana kukaa sawa. Lakini friji ya maji na soda ilikuwa kwenye waya huo huo. Friji ikikimbia inakula wati 150 tu. Ikianza, mota yake huvuta mara kadhaa ya hapo kwa sekunde moja. Volti zikashuka, mikisa ya dijitali ikajizima na kujiwasha upya, na kujiwasha kwake ni karibu dakika nzima ya kimya. Hilo lilitokea mara mbili. Friji iondolewe kabisa kwenye jenereta, barafu inatosha kwa saa tatu. Mikisa ipewe yupiesi ndogo ya kompyuta, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukiyumba. Na kwa bendi ya ukubwa huu kodi jenereta ya kVA 5, uiweke nje upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na madirisha: wakati wa kusi iwe kaskazini mwa ukumbi, wakati wa kaskazi iwe kusini. Gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa jenereta haina harufu ya kukuonya, nayo inaua.

Jambo moja hapa ni la hatari kuliko yote. Mpiga ridhimu alipoisogelea maiki kuimba kiitikio, mdomo wake ulipigwa na shoti. Amplifaya yake ilikuwa kwenye eksitensheni ya pini mbili, bila ule waya wa ardhi wa kijani na njano. Maiki ilikuwa na ardhi kupitia mikisa. Mwili wake, mkono mmoja kwenye nyuzi na mdomo kwenye maiki, ukawa daraja. Safari hii ulikuwa mchomo tu. Kwa mkono wenye jasho na sakafu iliyolowa unaweza kuwa kifo. Vyombo vyote vya jukwaani vitoke chanzo kimoja, kwa plagi za pini tatu, kupitia kikata umeme cha miliampea 30 kinachozima umeme unapovuja, na fundi umeme athibitishe kuwa ardhi ipo kweli. Wapo wanaokata waya wa ardhi ili kuondoa mguno kwenye spika. Mguno huo unatokana hasa na vyombo kuchukua umeme sehemu tofauti; viunganishe sehemu moja nao utapungua. Waya wa ardhi usikatwe kamwe.

Kuna kilichobaki bila kutibiwa usiku ule, nacho ni sauti za nyimbo, yaani noti ambayo kila wimbo umejengwa juu yake. Gitaa la panki hupenda E na A kwa sababu nyuzi wazi zinalia vizuri. Kwa tarumbeta la B-flati, ambalo noti zake huitwa tofauti na za gitaa, E ya gitaa ni F-shapu yenye shapu sita. Kwa alto ya mdomo wa bata ni C-shapu yenye shapu saba. Mpulizaji mzuri ataipiga, ila kwa kasi ya 160 vidole vitajikwaa, na watu watadhani amechoka. Mpiga gitaa akifunga kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye kizuizi cha kwanza cha shingo ya gitaa, E inakuwa F: tarumbeta linapiga G, alto inapiga D. A nayo inakuwa B-flati: tarumbeta C, alto G. Besi inasogea kizuizi kimoja tu. Wimbo mzima unakuwa mwepesi, na masikioni mwa msikilizaji hakuna kilichopotea. Hili hupangwa mazoezini, haliwezi kurekebishwa jukwaani.

Pia joto. Ukumbi ukipata moto, tarumbeta na tromboni hupanda, nyuzi za gitaa hulegea na kushuka. Wakiachwa, wanaachana. Kinanda cha umeme hakibadiliki, basi kiwe ndicho kipimo: kila baada ya nyimbo nne kinanda kipige B-flati, wapulizaji wavute bomba milimita chache, gitaa likazwe.

Wachezaji sakafuni hawana mengi. Saruji iliyomwagikiwa maji huteleza kama mwani, na ndara huvuka mguuni na kumwangusha wa nyuma. Aweko mtu mmoja na kitambaa cha kupangusia, maji yanywewe pembeni, nyaya zipite ukutani na kubandikwa, na safu ya mabenchi itenge monita. Anayeanguka anainuliwa papo hapo na aliye karibu.

Robo saa ya mwisho besi ishushwe, maana hiyo ndiyo inayopenya kuta na kuwafikia waliolala. Saa 5 muziki ukatike. Kisha, kabla ya mtu kuketi, tarumbeta na tromboni zimwagwe maji yake, pistoni zikaushwe na kutiwa mafuta, nyuzi za gitaa na besi zipanguswe kwa kitambaa kikavu kutoka daraja hadi kichwani, na vichwa vya maiki vifunguliwe vikauke. Hewa yetu ina chumvi. Nyuzi zilizoachwa na jasho usiku mmoja huanza kutu, na gitaa lenye kutu kwenye nyuzi haliwezi tena kusema ile "na" fupi.